Mdogo wangu karudi na alama za kamba mikononi, faili linasema alikuwa ametulia. Serikalini nani anajibu?

DadaWaMwaloni (mleta uzi):

Wakuu habari za usiku. Naomba mnisome taratibu maana hili jambo nimelala nalo wiki tatu, leo nimeona niliweke hapa. Jina la hospitali sitaji na mkoa ilipo sitaji, naomba msinilazimishe. Nauza dagaa pale soko la Mwaloni Kirumba, na ninayemzungumzia ni mdogo wangu wa mwisho.

Kijana alikuwa anavua dagaa usiku. Ugonjwa ulianza kwa kutolala, anarudi asubuhi kutoka ziwani badala ya kujinyoosha anazunguka mtaani anagawa hela yote aliyopata, mara anasema taa za mitumbwi zinamwita kwa jina. Tukasema karogwa. Nakiri tulizunguka kwa waganga miezi minne mpaka mtaji wangu ukaishia huko. Usiku alioingia ziwani na nguo zake zote mpaka maji yakamfika shingoni, wavuvi wakamtoa, ndo mama akasema basi, hospitali. Akalazwa wodi ya magonjwa ya akili, hospitali ya serikali.

Siku tano nimezuiwa kumuona. Nafika na uji kwenye chupa na sato wa kukaanga naambiwa mgonjwa kalala, mgonjwa kachomwa sindano, acha chakula uende. Siku ya sita nikang'ang'ania mlangoni mpaka wakanifungulia. Nikamkuta kakaa chini kwenye sakafu, shingo imepindia kushoto haigeuki, ulimi unatoka nje wenyewe, mate yamelowesha shati kifua chote. Baadaye nikaja kuelewa kwamba sindano za haloperido, dawa ya kutuliza wagonjwa wa akili, zinaweza kumkakamaza mtu hivyo na kuna vidonge vya atane vya kumlegeza, sisi tulikuja kuandikiwa tukanunue nje siku hiyo ya sita baada ya mimi kupiga kelele. Sasa mikono. Hapa kwenye vifundo ngozi imechubuka mzunguko mzima, yote miwili, kama kavaa bangili nyekundu, na wa kushoto umeshaanza kutoa usaha. Miguu hivyo hivyo.

Nikamuuliza nani kakufanya hivi. Akajibu kwa shida maana ulimi ulikuwa mzito: "Dada, kamba yenyewe ni kama zetu, ile ya kijani ya kufungia mtumbwi. Ila waliofunga hawajui kufunga, wamepiga fundo ambalo ukijivuta ndo linazidi kukaza." Anasema aligonga mlango usiku anaomba kwenda kukojoa, akagonga sana, wakaja wakamfunga kitandani mpaka jua likawa juu. Akajikojolea hapo hapo.

Siku ya kuruhusiwa nikaomba nisomewe kilichoandikwa kwenye faili. Kimeandikwa mgonjwa ametulia, anakula vizuri, hana jeraha. Nikapandisha mpaka kwa mganga mfawidhi, daktari mkuu wa hospitali, akaniambia wagonjwa hawa hujiumiza wenyewe. Nikamuuliza, naomba kuona daftari mnaloandika mgonjwa akifungwa, kafungwa na nani, kwa amri ya nani, saa ngapi, kafunguliwa saa ngapi. Hamna. Daftari la kuingiza shuka lipo, la kuingiza mitungi ya gesi lipo, la kumfunga binadamu kamba hamna.

Polisi nilienda kuomba PF3, ile fomu ya polisi ya mtu aliyeumizwa. Aliyekuwa kaunta akaniambia mama, mgonjwa wa akili hawezi kuwa shahidi, utajichosha.

Ninachouliza hapa sio kufukuzwa kwa nesi mmoja wa zamu ya usiku. Ile kamba haikujileta wodini. Kuna mtu aliona ni sawa wodi ya serikali iwe na kamba ya mtumbwi na isiwe na daftari, na juu yake kuna mtu anayepita kukagua, na juu yake kuna mtu anayepanga bajeti. Mlango ni wa serikali, funguo ni za serikali, mgonjwa hatoki mpaka waseme. Sasa kwanini mimi ndo nithibitishe kilichompata humo ndani, kwanini wao wasijieleze? Anayejua pa kuanzia anisaidie.

Kamanga_Feri:

Pole sana dada yangu. Hiyo ya kujikojolea imeniumiza kuliko majeraha. Endelea kutupa taarifa.

Baba_Pendo:

Pole mleta uzi, ila tuseme na upande wa pili. Baba yangu mdogo alikuwa mlinzi wodi kama hizo miaka mingi, alivunjwa taya na mgonjwa. Kuna watu wakipandisha mori, wanaume wanne hawawawezi. Ukisema wasifungwe kabisa unataka wahudumu wafanyeje? Wengine hata nyumbani mmeshindwa nao ndo mkawapeleka.

DadaWaMwaloni:

Baba Pendo nakuelewa na pole kwa huyo mzee. Tulishindwa, ni kweli, nimeandika hapo juu. Ila tulishindwa tukampeleka kwa watu waliosomea, na mshahara wanaolipwa ni wa kodi yetu mimi na wewe. Kama ilibidi ashikwe kwa dakika kumi ili achomwe sindano sawa, waandike. Kutoka usiku mpaka jua juu kwa ajili ya mkojo, hapo hakuna aliyekuwa anajilinda.

nesi_wa_zamu:

Nimesoma uzi huu mara tatu kabla ya kujibu. Mimi ni muuguzi, nilikaa wodi ya akili miaka sita, sasa nipo kitengo kingine. Dada nakuamini. Na nitasema kitu ambacho sijawahi kukisema, na mimi nimewahi kumfunga mgonjwa na mkanda wa shuka nikaenda kuhudumia mwingine nikamsahau. Alikuwa mama wa makamo. Nilivyorudi vidole vyake vilikuwa vimebadilika rangi. Niliomba msamaha na hakunielewa maana alikuwa ameshachomwa dawa. Sijisafishi kwa hili.

Ila nikueleze usiku ulivyo. Mpo wawili, wakati mwingine mmoja na mhudumu, wodi imejaa mpaka wanalala wawili kitanda kimoja na wengine chini. Dawa za kutuliza za siku hiyo zimeisha, za kulegeza misuli hazipo stoo mwezi mzima kwahiyo unamchoma mtu haloperido ukijua kabisa kesho shingo itapinda. Chumba cha kuongea na mgonjwa kwa utulivu akashuka taratibu hakuna. Mafunzo ya kumtuliza mtu kwa maneno nilipata siku mbili katika miaka sita. Mkanda maalumu wa kitambaa laini niliuona kwenye picha. Sasa kamba inatoka wapi? Inaletwa na mlinzi, au ndugu ndo walimleta mgonjwa amefungwa nayo kwenye bajaji na ikabaki wodini, inawekwa chini ya meza ya manesi na hakuna anayeuliza. Hata wale wageni wanaokuja na msafara kukagua wanapita, tunaambiwa siku moja kabla, tunapiga deki, wagonjwa wanavalishwa sare mpya, kamba inahamishiwa chooni kwa wafanyakazi.

Daftari unalolisema ni kitu cha kawaida kabisa kwenye taaluma. Linatakiwa kuonyesha sababu, jina la daktari aliyeamuru, saa ya kufunga, nani anamwangalia na kila baada ya muda gani, kama kapewa maji, kama kapelekwa chooni, damu inapita kwenye vidole au la, saa ya kufungua. Anayefunga asaini. Nakwambia siku daftari hilo likiwepo na likawa linasomwa na mtu wa nje ya hospitali, nusu ya kufunga itaisha yenyewe, kwa sababu hakuna nesi atakayeandika "nimemfunga kwa kuwa alitaka kukojoa".

Kwahiyo unaposema hutaki afukuzwe nesi mmoja, asante. Mara nyingi inaishia hapo hapo, anahamishwa mtu wa zamu, mfawidhi anabaki, kamba inabaki.

Mkerewe_wa_Nansio:

Kwetu kisiwani kuna babu alifungwa mnyororo kwenye mwembe miaka na miaka, watoto tunampelekea maembe yaliyoanguka. Ndugu zake hawakuwa wabaya, mpaka leo nasema hawakuwa wabaya, nauli ya meli na siku za kukaa Mwanza mjini ziliwashinda. Ninachotaka kusema ni kwamba uzi kama huu ukisomwa vibaya watu watasema bora mwembe. Dada weka wazi kwamba hospitali mtu aende.

DadaWaMwaloni:

Mkerewe umesema la maana. Aende jamani, mgonjwa aende hospitali. Mdogo wangu dawa zimemsaidia, usiku analala, taa hazimwiti tena, jana kanisaidia kuanika dagaa toka asubuhi mpaka saa saba. Anachogoma ni kurudi kliniki kuchukua dawa. Akiona geti tu anarudi nyuma mikono kaificha kwapani. Hicho ndo walichomfanyia, dawa ipo na yeye anaiogopa nyumba ya dawa.

MwanasheriaNyegezi:

Dada nimesomea sheria, naandika kwa faida ya wote. Samahani itakuwa ndefu.

Kwanza huyo wa kaunta kakosea. Sheria yetu ya Ushahidi inasema kila mtu anaweza kutoa ushahidi isipokuwa mahakama ione hawezi kuelewa maswali au kujibu kwa mantiki. Mahakama ndo inaamua, kaunta haiamui. Kijana anayekumbuka rangi ya kamba na aina ya fundo ni shahidi mzuri kuliko wengi niliowaona kizimbani. Rudi ukachukue PF3, piga picha makovu leo hii kwenye mwanga wa jua, weka na kitu cha kuonyesha tarehe, kisha mpeleke kituo kingine cha afya daktari wa huko aandike alichoona. Makovu yanafifia.

Pili, msingi upo kwenye Katiba. Ibara ya 13(6)(e) inakataza mtu kuteswa au kutendewa kinyama na kudhalilishwa, na haijaweka "isipokuwa wagonjwa wa akili". Tuna Sheria ya Afya ya Akili ya 2008 iliyofuta ile ya mkoloni, tuna Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2010, na Tanzania iliridhia mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu mwaka 2009, na ulemavu humo unagusa pia maradhi ya akili ya muda mrefu.

Njia. Barua ya malalamiko kwa mganga mfawidhi, kopi kwa Mganga Mkuu wa Mkoa, kopi Wizara ya Afya. Usikubali kuzungushwa kati ya Wizara na TAMISEMI, ile ofisi ya serikali za mitaa, hospitali za rufaa za mikoa zipo chini ya Wizara, za wilaya ndo TAMISEMI. Muuguzi ana Baraza la Uuguzi na Ukunga, daktari ana Baraza la Madaktari, huko wanaangalia leseni ya mtu binafsi. Kwa suala lako la wakubwa nenda Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora, hapa Mwanza wana ofisi, huhitaji wakili. Sheria yao ya 2001 inawaruhusu kutembelea magereza na sehemu nyingine watu wanakoshikiliwa, na wodi ya kufungwa kwa funguo mimi naihesabu humo. Ubaya wake wanatoa mapendekezo, hawatoi hukumu. Na kesi ikishakuwa mahakamani hawaigusi, kwahiyo anza nao.

Ukitaka fidia, kuishtaki serikali lazima utoe notisi ya siku 90 na kopi kwa Mwanasheria Mkuu, halafu Mahakama Kuu. Usikae sana, madai ya aina hii yana ukomo wa miaka mitatu. Kama kijana hawezi kusimama mwenyewe ndugu anaruhusiwa kusimama kwa niaba yake. Ile njia ya kesi ya kikatiba ilibanwa mwaka 2020, anayefungua akatakiwa aape kwamba yeye mwenyewe ndo kaguswa, kwahiyo shirika likawa haliwezi kuja tu kufungua kwa niaba ya wodi nzima. Fikiria hapo, mtu aliyefungiwa ndani, kachomwa dawa, hana simu, ndo sheria hiyo ilimtaka yeye aape kiapo. Hilo linaniuma kama mwanasheria na sijui niliseme vipi zaidi ya hivyo.

Na usidhani uko peke yako Afrika. Mwaka 2003 Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu iliamua shauri dhidi ya Gambia kuhusu wagonjwa wa akili waliozuiliwa kwa sheria ya 1917. Serikali ikajitetea kwamba wangeweza kwenda mahakamani. Tume ikasema hiyo njia ni ya mwenye uwezo, hawa ni maskini na waliookotwa barabarani, msaada wa kisheria hawana. Gambia ikaonekana imevunja haki zao, hata maneno ya kuwaita wendawazimu kwenye sheria yakalaaniwa.

Sista_wa_Igoma:

Mi nilikaa Johannesburg miaka hiyo, niseme la hospitali za Life Esidimeni kule Afrika Kusini maana dada umeuliza anajibu nani. Serikali ya jimbo la Gauteng ilivunja mkataba na hospitali binafsi zilizokuwa zinatunza wagonjwa wa akili, wakasema wanabana matumizi, kulipia mgonjwa mmoja randi 320 kwa siku ni ghali. Mwaka 2016 wakawahamisha wagonjwa zaidi ya 1,300, wengi wakapelekwa kwenye vituo vya mashirika vilivyokuwa vinalipwa randi 112. Walikufa watu 144. Wengine kwa njaa na kiu, mtu mzima kafa kwa kiu ndani ya jiji. Ndugu walikuwa wanazunguka wanauliza mmempeleka wapi mtu wetu na ofisi haijui.

Kilichonifanya niandike ni jinsi lawama zilivyopanda ngazi mpaka kwa wakubwa. Februari 2017 msimamizi wa malalamiko ya afya akatoa ripoti, vituo vyote 27 leseni zao hazikuwa halali. Waziri wa afya wa jimbo Qedani Mahlangu alijiuzulu siku hizo hizo. Halafu Jaji mstaafu Dikgang Moseneke akakaa kusikiliza, wakubwa wakaitwa mmoja mmoja wakaapishwa mbele ya wale mama na dada wa marehemu, tuliangalia kwenye televisheni mpaka tunalia. Machi 2018 akaamuru serikali ilipe randi milioni 1.2 kwa kila dai, na milioni nzima ya hiyo ni kwa kuvunja Katiba. Julai 2024 mahakama ya uchunguzi wa vifo ikasema vifo vya watu 9 vilisababishwa na uzembe wa Mahlangu na mkuu wake wa afya ya akili. Hakutajwa nesi. Walitajwa waliosaini.

Baba_Pendo:

Sista hiyo ya randi 112 sikuwa naijua. Nimempigia simu baba mdogo jioni hii nikamsomea alichoandika nesi. Kakaa kimya halafu kasema kamba ilikuwepo hata enzi zao, ilikuwa inatundikwa nyuma ya mlango, na usiku aliovunjwa taya walikuwa wawili kwa wagonjwa hamsini na kitu. Hajawahi kulipwa chochote. Dada niliuliza vibaya pale juu, huyu mzee na mdogo wako wanamdai mtu mmoja.

MwanasheriaNyegezi:

Niongeze moja halafu nilale. Brazil, Oktoba 1999, kijana wa miaka 30 anaitwa Damião Ximenes Lopes alilazwa kliniki ya akili huko jimbo la Ceará. Siku tatu baadaye mama yake kafika kumtembelea kamkuta mikono imefungwa, anatoka damu, siku hiyo hiyo akafa. Dada yake ndo aliyeandika malalamiko mpaka yakafika nje ya nchi. Julai 2006 Mahakama ya Haki za Binadamu ya nchi za Amerika ikaihukumu Brazil, na ile kliniki ilikuwa ya mtu binafsi, ila ilikuwa inahudumia wagonjwa wa serikali, mahakama ikasema serikali haiwezi kuukabidhi wajibu wake ikanawa mikono.

Kwetu mlango wa kwenda moja kwa moja Mahakama ya Afrika pale Arusha, watu binafsi tulifungiwa, serikali iliondoa tamko lake la kuturuhusu Novemba 2019. Njia ya Tume ya Afrika bado ipo baada ya kumaliza za ndani. Ndo maana nasisitiza kila hatua iwe na karatasi yenye muhuri.

nesi_wa_zamu:

Dada kwenye barua usiombe "uchunguzi ufanyike" peke yake, watajibu umefanyika. Omba vitu vyenye majina. Orodha ya waliokuwa zamu usiku huo. Chati ya dawa, sindano ngapi, saa ngapi, nani kaamuru. Ripoti ya zamu ya usiku kukabidhi asubuhi, hiyo huwa inaandikwa kwa mkono na mara nyingi ukweli unajificha humo, kule faili linasema ametulia huku ripoti ya zamu inasema "alisumbua sana, alidhibitiwa". Neno hilo "alidhibitiwa" litafute. Na uliza kwa maandishi lini mara ya mwisho hospitali iliomba vidonge vya atane na ikajibiwa nini, hapo ndo utajua kama tatizo ni la wodi au la juu.

Nikiitwa kueleza wodi zinavyoendeshwa nitakuja. Nimeongea na mume wangu, kasema niende.

DadaWaMwaloni:

Nesi sijui nikwambieje. Mungu akubariki wewe na mumeo.

Wakuu narudi na taarifa. PF3 tumepata, kituo kingine, kijana wa kaunta safari hii alikuwa mpole, kamuuliza mdogo wangu mwenyewe badala ya kuniuliza mimi. Daktari wa kituo cha afya kaandika makovu ya mzunguko kwenye vifundo vyote vinne, yanayoendana na kufungwa. Msaidizi wa kisheria wa kata yetu kanisaidia kupanga barua, nimeomba vile vitu vyote alivyovitaja nesi, na la mwisho nimeomba hospitali inijibu ni lini itaanza kuwa na daftari la kufunga wagonjwa na nani wa nje atakuwa analisoma. Kopi ya Mkoa, kopi ya Wizara, kopi ya Tume.

Jana usiku nilikuwa namsomea mama barua kwa sauti. Mdogo wangu alikuwa amelala kwenye mkeka nikajua hasikii. Akaamka akaomba kalamu. Nikadhani anataka kusaini. Akageuza ukurasa wa mwisho akachora mkono, kitanda na kamba, akachora fundo lenyewe hatua kwa hatua, inapita hapa, inarudi hapa, na pembeni akachora fundo la pili akaandika "hili halikazi". Nikamuuliza hili la pili la nini. Akasema kama watakuwa bado wanafunga watu, wajue.

Nimeiacha michoro humo humo, kopi zote nne. Barua imegongwa muhuri wa kupokelewa leo saa nne asubuhi. Wakijibu nitaweka hapa hapa, na mwenye ndugu aliyepita wodi ya namna hii akarudi na alama aniandikie inboksi, tupeleke pamoja.